Kwa nini injini ya lori huchemka hata wakati wa kipupwe

Na Mwandishi Wetu

Msimu wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, ndio wakati ambapo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini hupata baridi kali kuliko nyakati nyingine zote za mwaka. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu huo, na wananchi wengi huupokea wakifikiria makoti, mkaa na mashamba ya viazi. Ni wachache wanaofikiria rejeta ya lori. Hata hivyo, anayesafiri usiku katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma kipindi hicho hukutana mara kwa mara na lori lililoegeshwa pembeni, kichwa kimeinuliwa, mvuke unafuka, na dereva na utingo wake wamejifunika mablanketi wakisubiri injini ipoe.

Swali linalojitokeza ni la haki. Injini inawezaje kuzidiwa na joto mahali ambapo binadamu anatetemeka kwa baridi? Jibu ni kwamba joto linaloichemsha injini halitoki hewani bali huzalishwa ndani yake, na hewa baridi haiwezi kulipunguza ikiwa haifiki kwenye rejeta, au ikiwa maji ya kupozea hayazunguki. Kipupwe chenyewe, pamoja na mambo ambayo madereva huyafanya ili kukabiliana nacho, kinaweza kuwa chanzo cha hali zote mbili.

Uchukuliwe mfano wa mlima Kitonga, mkoani Iringa. Lori linalotoka Dar es Salaam hupita bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako mwinuko haufiki mita 700 juu ya usawa wa bahari, kisha hupanda kona baada ya kona kuelekea Ilula na hatimaye Iringa, mji ulio juu ya mita 1,500. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa lori na tela lake katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56. Injini ya dizeli inapouinua uzito kama huo haiwezi kugeuza nishati yote ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu moja hutoka na moshi, na sehemu nyingine, ambayo yaweza kufikia robo au hata theluthi, ni lazima ichukuliwe na maji ya kupozea. Kwa hesabu ya kawaida, joto linaloingia katika maji hayo kwa kupanda mita 700 lingetosha kuchemsha mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa maji baridi.

Lori lenyewe hubeba makumi machache tu ya lita za maji. Kwa hiyo kinachoiokoa injini si wingi wa maji bali mzunguko wake. Pampu huyasukuma maji kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, upepo huyapooza, nayo hurudi kuchukua joto jingine. Mlimani lori hutembea polepole, hivyo upepo wa mwendo ni mdogo na kazi yote huachiwa feni.

Hapa ndipo linapoingia boksi. Ni desturi ya miaka mingi kwa dereva anayelala Makambako au Njombe kuweka kipande cha boksi au turubai mbele ya rejeta ili injini ipate joto upesi alfajiri. Desturi hiyo ina sababu, kwa kuwa dizeli haiungui vizuri katika injini baridi. Tatizo ni kwamba boksi husahaulika. Lori huondoka likiwa tupu au kwenye tambarare, kipimajoto hakioneshi lolote, na saa mbili baadaye linapopakia mbao Mafinga au kuanza kupanda mlima, rejeta inapumulia upande mmoja tu. Katika malori mengi feni huwa na klachi inayojifunga yenyewe inapohisi hewa ya moto ikitoka kwenye rejeta. Boksi likiziba katikati, hewa hiyo haiifikii klachi, na feni huendelea kuzunguka kivivu wakati injini inaungua. Anayelazimika kuweka kizuizi asizibe katikati, na akiondoe kabla ya kupakia mzigo.

Jambo la pili limeenea zaidi na huzungumzwa kidogo. Kati ya injini na rejeta kuna vali ndogo iitwayo themostati. Injini ikiwa baridi, vali hiyo hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta. Maji yanapofika takriban nyuzi joto 80 hadi 90, hufunguka. Themostati iliyoharibika ikakwama katika hali ya kufunga huchemsha injini kwa dakika chache, hata kama nje kuna sakitu. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi huitoa kabisa na kumwambia mwenye gari kwamba ametatua tatizo. Ushauri huo ni mbaya. Bila themostati injini hufanya kazi ikiwa baridi mno katika nyanda za juu, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Aidha, katika injini nyingi za malori themostati ina kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka humo humo huku joto likipanda. Themostati mpya ni nafuu mno ikilinganishwa na gharama ya silinda hedi iliyopinda.

Kuhusu maji matupu, ifahamike kwamba katika maeneo ya Makete na uwanda wa Kitulo, ambako sakitu huunguza mazao mashambani, gari lililolala nje linaweza kuamka na barafu katika mirija myembamba ya chini ya rejeta. Injini ikiwashwa, maji hayapiti, nayo huchemka wakati rejeta ingali baridi ukiigusa. Kimiminika maalumu cha kupozea, kikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, hakigandi katika baridi yoyote inayojulikana nchini, na pia huzuia kutu.

Zaidi ya hayo, mwinuko wenyewe hushusha kiwango cha kuchemka. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye takriban nyuzi 93. Kinachofidia tofauti hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kikiwa kizima, kifuniko hubana mvuke na kuongeza mgandamizo, hata maji yaweze kukaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira wake ukilegea, lori lililokuwa halina tatizo Pwani huanza kutapika maji likifika Mufindi, na wengi hulaumu rejeta kumbe kasoro iko kwenye kifuniko.

Mgandamizo huo ndio unaowaunguza watu. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 ndani ya rejeta bado ni maji. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, mgandamizo huondoka na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, ukirushwa usoni na mikononi mwa aliyefungua. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Hakuna haraka ya mzigo inayohalalisha kukifungua kifuniko kabla injini haijapoa, na baridi ya nje isimdanganye mtu: bati la rejeta huweza kupoa wakati maji yaliyo ndani ya injini bado ni ya moto.

Dereva afanye nini basi anapoona mshale wa kipimajoto unapanda? Kwanza apunguze mzigo wa injini kwa kushuka gia na kuachia mafuta, kisha awashe kipasha joto cha kichwa cha lori hadi mwisho, kwa kuwa kifaa hicho ni rejeta ndogo ya pili. Kipasha joto pia ni shahidi mzuri. Kikitoa hewa baridi huku mshale uko juu, maji yamepungua sana au hayazunguki. Vilevile mshale unaoanguka ghafla baada ya kupanda usishangiliwe, kwani kihisio kinapobaki bila maji huweza kusoma joto la chini wakati injini inaungua.

Atafute mahali papana nje ya njia na asimame. Ikiwa hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, injini iachwe iungurume bila mzigo kwa dakika chache ili maji yaendelee kuzunguka na tabo ipoe. Ikiwa mpira wa maji umepasuka au mvuke unatoka kwa nguvu, izimwe mara moja. Kisha asubiri, pengine saa nzima, ndipo akifungue kifuniko kwa kitambaa kinene, kidogo kidogo, hadi mgandamizo uishe. Maji yaongezwe taratibu, yasiwe ya baridi kali. Ndoo ya maji ya mtoni alfajiri ya Julai ikimiminwa katika injini iliyokauka inaweza kuipasua silinda hedi. Maji ya uvuguvugu kutoka kwa mama lishe yanafaa zaidi, na katika vituo vingi vya njia hii hayako mbali.

Liko kosa jingine ambalo hatari yake inapita hasara ya injini. Dereva ambaye lori lake limechemka juu ya mlima hushawishika kulizima na kuliacha liserereke mteremkoni ili lipoe. Injini ikizimwa, kompresa haijazi tena upepo wa breki, usukani huwa mzito, na breki ya injini haipo. Kila anapokanyaga breki anatumia akiba ya upepo isiyorudi. Katika mteremko wa Kitonga, au miteremko ya Mbeya, lori la namna hiyo huweza kuua watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya joto la injini yake. Lori lililochemka kileleni lisubirishwe kileleni.

Abiria waliomo, na mara nyingi wamo kwa kuwa wakulima hufuatana na viazi vyao hadi sokoni, washuke na kukaa mbali na barabara, wasisimame mbele wala nyuma ya lori hata kama huko ndiko kuliko na joto. Tairi ziwekewe vizuizi. Pembetatu za tahadhari zitangulizwe mbali, hasa kunapokuwa na ukungu au kona, ili mwenye gari linalokuja apate nafasi ya kupunguza mwendo. Kukitokea moto, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Zote hupigwa bila malipo.

Kabla ya kuondoka, dereva achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili iliyobadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa inaonesha kwamba maji yameingia ndani, kwa kawaida kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Lori hilo livutwe, lisiendeshwe. Oili ikiwa safi na maji yakikaa bila kupungua, linaweza kutembea taratibu hadi kwa fundi wa karibu. Mawe yaliyowekwa kwenye tairi na matawi yaliyotandazwa njiani yaondolewe kabla ya kuondoka, maana saa moja baadaye, katika giza na ukungu, dereva wa basi au wa pikipiki hatajua kwamba tahadhari hiyo ilikuwa ya lori lililokwisha kwenda.