Ignominy si Aibu Tu: Maana, Matumizi na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na neno la Kiingereza *ignominy*, aghalabu huandika *aibu* na kuendelea na sentensi inayofuata. Orodha ya visawe (aibu, fedheha, izara, hizaya) haimsaidii, kwani humfanya adhani kwamba maneno hayo yanaweza kupokezana nafasi. Makala haya yanadai kwamba uteuzi huo wa haraka unaweza kumtia hatiani mtu ambaye matini chanzi haikumtia hatiani.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa kutoka Kilatini *ignominia*, linalohusishwa na *nomen*, yaani jina, likitanguliwa na kiambishi cha ukanushi. Katika Roma ya kale, maofisa waliosimamia sensa waliweza kuweka alama ya lawama dhidi ya jina la raia, na seneta aliyepata alama hiyo aliweza kuondolewa barazani. *Ignominia* ilikuwa tamko la mamlaka mbele ya umma. Haikutegemea mhusika alihisi nini moyoni.

Msisitizo huo wa nje umebaki katika Kiingereza cha leo. Viambatani vya kawaida vya *ignominy* ni vitenzi vya kupatwa: mtu huipata, huivumilia, huangukia ndani yake, hufa ndani yake. Ni nadra kusema kwamba mtu aliihisi. *Aibu*, kinyume chake, ina nyuso mbili. Asili yake ya Kiarabu ni dosari au ila, na maana hiyo ingali hai tunaposema *mambo ya aibu*. Lakini pia *huonwa*, kama aonavyo mtoto mbele ya wageni ilhali hajakosa lolote. Hapo inakaribiana na *haya* na *soni*, neno la Kibantu lenye ndugu katika lugha nyingi za kanda yetu.

Tuchukue mfano. Tarehe 5 Januari 1895, Kapteni Alfred Dreyfus wa jeshi la Ufaransa alivuliwa cheo hadharani katika uwanja wa École Militaire jijini Paris. Alama za cheo zilibanduliwa kwenye sare yake na upanga wake ukavunjwa, huku akipaza sauti kwamba hana hatia. Hakuwa nayo: mwaka 1906 mahakama ya rufani ya juu kabisa ilimsafisha. Mwanahistoria anayeandika kwa Kiingereza anaweza kuiita siku ile *ignominy* bila kumlaumu Dreyfus hata kidogo. Tukiandika *aibu ya Dreyfus*, msomaji wa Kiswahili atauliza mara moja: alifanya nini? *Kuumbuka* kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwa kuwa aumbukaye ni yule ambaye ila yake ya kweli imefichuka.

*Fedheha* inafaa zaidi, kwani mzizi wake wa Kiarabu unahusu kuanika jambo, na uzito wake uko machoni pa watu. Hata hivyo, mnyambuliko unaleta tatizo jipya. *Ignominy* haina kitenzi chake. Nomino inaweza kusimama bila kutaja mtenda. Kiswahili hupendelea kitenzi, na hapo mfasiri hulazimika kuamua: *alifedheheka* au *alifedheheshwa*? Kauli ya kutendeka hunyamaza kuhusu mtenda, na katika unyamavu huo lawama humwelekea mhusika mwenyewe. Kauli ya kutendeshwa hudai kwamba yupo aliyemtendea. Kwa Dreyfus jibu ni wazi. Kwa kiongozi aliyejiuzulu uchunguzi ukiwa haujakamilika, jibu si wazi, na ninawashauri wanafunzi wangu wabaki na nomino, *alipatwa na fedheha*, hata kama sentensi itapoteza wepesi wake.

Wazo la jina, ambalo *fedheha* hailibebi, linaweza kurejeshwa kwa *kuharibiwa jina* pale muktadha unapolihitaji. Katika taarifa za michezo, ambako *ignominy* huwa ni ya timu kushuka daraja, *aibu* inatosha kabisa.