Umelipa kambi ya "kutunza mazingira". Pesa yako imefika kwa nani?

Wikendi ndefu inakaribia na kikundi chenu cha WhatsApp kimeshaanza kelele: twende wapi? Kuna yule mmoja ambaye lazima atume picha za kambi fulani yenye vibanda vya makuti, sola juu ya paa, na maandishi kwamba wanatunza mazingira na kusaidia jamii. Picha ni safi. Bei nayo si mchezo.

Mwaka jana mimi na marafiki wanne tulienda kambi ya namna hiyo huko Pwani. Sola ilikuwepo, kweli. Lakini mboga zililetwa na gari kutoka mjini, na samaki pia, ilhali wavuvi walikuwa wanapita mbele yetu na vikapu vyao. Kijana aliyetutembeza alituambia kwa sauti ya chini kwamba hana mshahara, anategemea bakshishi. Na ile "ada ya jamii", shilingi 500 kila mtu, tuliambiwa tuitume kwa nambari ya simu ya meneja. Nikatuma. Hadi leo sijui ilienda wapi.

Sasa linganisha na Gazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Mombasa, kaunti ya Kwale. Miaka ya 1970 mikoko ya hapo ilikatwa sana ikawa kuni za viwanda, na mingine ikawa boriti za nyumba. Mikoko ikiisha, samaki nao wanapungua, kwa sababu samaki wadogo na kamba hukulia kwenye mizizi yake. Ufuo nao unabaki wazi kwa mawimbi. Wenyeji walipanda upya wakishirikiana na watafiti wa KMFRI, na mwaka wa 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa watu wa Gazi na majirani zao wa Makongeni, ukaanza biashara ya hewa ukaa. Hekta 117 za mikoko zinalindwa, na wanunuzi wanalipia kaboni, kama tani 3,000 kwa mwaka. Pesa ikiingia, wanakijiji wenyewe wanakaa kikao na kuamua ifanye nini. Imeshaleta maji na vitabu vya shule. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Hapo hapo Gazi kina mama wana njia yao ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko. Unalipa kiingilio, unatembezwa na mtu anayeijua mikoko kwa majina, mkoko huu, mchu ule, halafu unakula chakula cha Kiswahili walichopika wenyewe. Kambi yoyote iliyo jirani na mahali kama hapo haina haja ya kubuni "mradi wa jamii" mpya ili ipige picha. Iwapeleke wageni kwa kina mama. Inunue samaki kwa wavuvi walioandikishwa na BMU, na iwalipe siku hiyo hiyo kwa simu, si "njoo mwisho wa mwezi". Mvuvi anayelipwa kwa simu anabaki na rekodi, na rekodi hiyo inaweza kumsaidia siku anapoomba mkopo wa injini.

Maji pia, jamani. Kisima cha kambi kikivutwa kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi huingia chini kwa chini. Mgeni ataondoka Jumatatu. Jirani ndiye atakayebaki na chai ya chumvi.

Mara wana mpango tofauti. Katika hifadhi za jamii kama Naboisho, wenye mashamba wameunganisha ardhi yao na kambi zinawalipa kodi kwa ekari, moja kwa moja kwenye akaunti, vitanda vijae visijae. Kwa upande wao, hawaweki ua, ndiyo sababu nyumbu na ndovu bado wanapita. Ni mpango mzuri, ila una mapengo yake. Mwaka wa 2020 wageni walipokosa kuja, malipo hayo yaliyumba. Na kwa kuwa hati nyingi za ardhi zina majina ya wanaume, pesa huingia kwa akaunti ya mzee, mama akabaki kuuza shanga. Ukinunua shanga, basi, mlipe mama mwenyewe kwa nambari yake.

Kabla ya kulipa amana ya kambi, piga simu uulize: ada ya jamii ni shilingi ngapi, inaingia akaunti gani, na mara ya mwisho ilifanya nini? Kambi inayofanya kazi kweli itakujibu bila kuhema. Ukisikia "ni mambo mengi tu", hilo pia ni jibu.

Amana yenyewe ilipe kwa till au paybill ya kambi. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa la mtu usiyemjua, simama hapo na uulize. Ada ya jamii ikiwa na till ya kikundi, bora zaidi, kwa sababu katibu anaweza kuchapisha taarifa ya malipo na kuisoma barazani, kila mtu asikie. Hifadhi ile meseji ya malipo hadi urudi nyumbani. Bakshishi mtumie aliyekutembeza, kwa nambari yake, na ongeza ya kutolea.

Ukienda mbuga ya KWS, kumbuka kiingilio hakilipwi kwa pesa taslimu, na plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku humo tangu Juni 2020, kwa hivyo beba chupa yako ya maji. Simu nayo ichajiwe mapema, na mwenye kutaka noti za kununulia madafu atoe pesa mjini. Wakala wa kijijini akiishiwa na pesa taslimu Jumamosi, mara nyingi utasubiri hadi Jumatatu.