Hitilafu za Ufungamanishaji wa Data katika Singletoni za Modeli: Mfano wa Programu ya Taarifa za Magonjwa ya Mifugo, Karatu na Ngorongoro

Taarifa ya ugonjwa wa mifugo huwa na manufaa pale tu inapotaja mahali sahihi. Katika Wilaya ya Ngorongoro jambo hili lina historia yake: mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007 nchini Tanzania ulianza kubainika huko kabla ya kuonekana katika mikoa mingine. Kimeta nacho hujirudia katika eneo hilo, kwa wanyamapori, kwa mifugo na kwa binadamu. Ngorongoro ikawa miongoni mwa maeneo ambako kituo cha SACIDS, chenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilijaribu ukusanyaji wa taarifa kwa simu za mkononi, kazi iliyokuja kuzaa programu ya AfyaData iliyojengwa juu ya mfumo wa ODK. Makala haya hayaichunguzi AfyaData. Yanafafanua hitilafu ya msimbo inayoweza kuikumba programu yoyote ya aina hiyo katika simu za Android, kwa kutumia mfano wa kubuni.

Katika mfano huo, mtoa taarifa mkazi wa Endulen amefika kwenye boma lililo upande wa Kakesio. Katika ukurasa wa kwanza wa fomu anachagua kijiji cha Kakesio. Katika ukurasa wa pili anajaza idadi ya ng'ombe waliokufa, anafungua kamera, anapiga picha ya mzoga na kurudi kwenye fomu. Idadi bado inaonekana kama alivyoijaza. Anatuma. Ofisi ya mifugo ya wilaya inapokea taarifa ya vifo vya ghafla, mahali: Endulen.

Ili kueleza kilichotokea, dhana mbili zinahitaji kutenganishwa. Ufungamanishaji wa data ni utaratibu unaounganisha sehemu ya skrini na sifa ya kitu cha modeli, ili kimoja kikibadilika kingine kifuate bila msanidi kunakili thamani kwa mkono. Mizizi yake inafika hadi kazi ya Trygve Reenskaug, aliyependekeza mgawanyo wa modeli, mwonekano na kidhibiti akiwa Xerox PARC mwaka 1979. Singletoni ni ruwaza iliyoelezwa katika kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides cha mwaka 1994: klasi inayoruhusu kitu kimoja tu, chenye njia moja ya kukifikia. Wasanidi huipenda kwa sababu kila ukurasa wa fomu unaweza kukifikia kitu kilekile bila kupokezana thamani.

Mtafiti anapokutana na hitilafu ya namna hii, mshukiwa wa kwanza huwa ni ujulishaji, yaani ile ishara ambayo modeli hutoa ili skrini ijue kwamba thamani imebadilika. Msimbo ukibadilisha kigeu cha ndani badala ya kupitia sifa yenyewe, ishara haitoki. Katika .NET, ambako ishara hubeba jina la sifa kama maandishi, herufi moja iliyokosewa yatosha kuinyamazisha, na hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa. Lakini dalili ya kosa hili ni skrini kubaki nyuma wakati modeli iko sahihi. Katika mfano wa Kakesio, kilichokosea ni modeli yenyewe.

Mshukiwa wa pili ni utambulisho. Programu inaposoma taarifa iliyohifadhiwa katika umbo la JSON, kisomaji huunda kitu kipya, na msanidi huenda akakiweka mahali pa kile cha awali. Skrini inaendelea kufungamana na kitu cha zamani huku msimbo wa kutuma ukisoma kipya. Jina la singletoni limebaki, upekee umekwisha. Kipimo chake ni chepesi: kuchapisha kwenye kumbukumbu za programu namba ya utambulisho wa kitu, upande wa skrini na upande wa kutuma. Katika Java namba hiyo hutolewa na System.identityHashCode. Namba zikitofautiana, ni vitu viwili kwa hakika. Zikifanana, bado si ushahidi kamili, kwa kuwa vitu tofauti vinaweza kupewa namba moja. Ulinganisho wa moja kwa moja wa marejeo ndio unaokata shauri. Tiba ni kunakili thamani zilizosomwa ndani ya kitu kilekile.

Mshukiwa wa tatu ni uhai wa kitu, na hapa ndipo penye jibu la mfano huu. Singletoni huishi muda ule ule ambao mchakato wa programu unaishi. Kamera hutumia kumbukumbu nyingi; katika simu ya bei nafuu, Android huweza kuuua mchakato wa programu iliyo nyuma ili kuipa nafasi. Mtumiaji anaporudi, mfumo huanzisha mchakato mpya na kuurejesha ukurasa wa pili pamoja na maandishi yaliyokuwa yamejazwa, kwa kuwa hayo ni sehemu ya hali ya skrini ambayo mfumo umeihifadhi. Thamani ya ukurasa wa kwanza haikuhifadhiwa popote isipokuwa ndani ya singletoni. Singletoni mpya imezaliwa na thamani ya awali, nayo ni kijiji cha mtumiaji: Endulen. Ufungamanishaji umefanya kazi yake barabara. Umefungamana na kitu kisichokumbuka asubuhi.

Kwa mantiki hiyo, kuongeza ishara za ujulishaji hakutasaidia. Taarifa moja ya ugonjwa haipaswi kuwa singletoni. Kilicho kimoja kweli katika programu ni orodha ya vijiji au muunganisho wa seva. Kila taarifa ipewe kitu chake na namba yake, iandikwe katika hifadhidata ya simu kila sehemu inapojazwa, na skrini isome kutoka humo. Hoja kwamba singletoni huokoa kumbukumbu haina uzito: fomu ya sehemu kumi ni ndogo mno ikilinganishwa na picha moja ya mzoga.

Thamani ya awali nayo inastahili kuondolewa. Wafugaji wa Kimaasai huhamisha ng'ombe kutoka nyanda za majani mafupi nyumbu wanapozaa, ili kuepuka ugonjwa unaoambukizwa na ndama wa nyumbu. Kijiji cha mtoa taarifa, au hata cha mwenye mifugo, si lazima kiwe mahali kundi lilipo. Kwa mkulima wa Rhotia au Mbulumbulu, wilayani Karatu, ambaye ng'ombe wake hulala nyumbani, thamani hiyo ya awali mara nyingi itakuwa sahihi, na hitilafu itafichika. Programu iliyojaribiwa kwa watumiaji wa aina hiyo pekee inaweza kufaulu majaribio yote.

Jaribio lenyewe lina mtego. Mipangilio ya wasanidi katika Android ina chaguo la kuharibu kila ukurasa mara mtumiaji anapouacha, na wengi huliamini. Chaguo hilo huharibu ukurasa bila kuua mchakato, hivyo singletoni hubaki hai na matokeo huonekana mema. Kipimo sahihi ni kuipeleka programu nyuma katikati ya fomu, kuua mchakato kwa amri ya am kill kupitia adb, kisha kurudi kutoka orodha ya programu za karibuni na kusoma kijiji kilichoandikwa ndani ya taarifa itakayotumwa, si kile kinachoonekana kwenye skrini.