Pakiti Isiyotajwa Kichwa Haina Ushahidi

Walimu wa kompyuta wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana mfano karibu. Kontena likishushwa melini Kipevu na kupakiwa kwenye treni, bidhaa hubaki zile zile; hati ya msafirishaji ndiyo hubadilika. Pakiti ya intaneti nayo, ikihama kutoka redio ya Wi-Fi hadi waya, huvuliwa kichwa cha kiungo na kuvishwa kingine.

Kichwa cha Etheneti kina baiti 14: 6 za anwani ya mpokeaji, 6 za mtumaji na 2 za aina ya mzigo. Cha Wi-Fi kimepangwa vingine. Ndiyo maana faili la pcap hutaja mwanzoni aina ya kichwa: 1 ni Etheneti, 105 ni Wi-Fi. Nambari ikikosewa, baiti husomwa visivyo, na asiye na hatia aweza kushukiwa.

Basi tusiwakaririshe wanafunzi majina matupu. Wanase pakiti za maabara yao wenyewe, kwa idhini, kwani sheria ya mwaka 2018 yakataza kudukiza mawasiliano ya wengine. Kisha wazihesabu baiti hizo kwa kalamu. Shahidi wa kesho afundishwe leo.