Linux kwa Sauti na Picha: Mfumo Upi wa Kutegemewa?

Mzee mmoja mpiga zeze alialikwa katika shule niliyokuwa nikifundisha, ili nyimbo zake zihifadhiwe katika kompyuta. Alipiga kwa saa nzima. Tulipoisikiliza kazi hiyo jioni, tulikuta kila baada ya dakika chache pana mlio mfupi, mfano wa ukuni mkavu unaovunjika, na papo hapo sauti ya zeze imekatika. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka. Kompyuta haikuwa mbovu. Usiku uliotangulia mimi mwenyewe niliibadilishia programu zake za msingi, nikidhani ninaiboresha.

Kompyuta ile ilikuwa ikitumia Linux. Jina hilo, kwa kusema kweli, ni la kiini tu, yaani sehemu ya ndani inayozigawia programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Kiini peke yake hakimfai msanii. Kwa hiyo vipo vikundi vya wataalamu vinavyokichukua, vikakiunganisha na maelfu ya programu, vikaujaribu mkusanyo wote na kuutoa kwa watu. Debian ni mkusanyo wa namna hiyo, ulioanza mwaka 1993. Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian, ulitoka mwaka 2004.

Programu za sanaa ni zile zile karibu katika mikusanyo yote: GIMP na Krita kwa picha, Inkscape kwa michoro, Audacity na Ardour kwa sauti. Basi achaguaye mkusanyo kwa sababu una GIMP hajachagua kitu bado. Tofauti iliyo kubwa ni hii: mkusanyo hubadilika mara ngapi, na nani huyajaribu mabadiliko hayo kabla hayajamfikia mtumiaji?

Ili tuone uzito wa swali hilo, tuangalie mlio ule ulitokeaje. Katika kurekodi, kompyuta huipima sauti, kwa kawaida, mara 48,000 kila sekunde. Haishughulikii kipimo kimoja kimoja, bali huvikusanya katika mafungu. Fungu likiwa na vipimo 256, kompyuta ina muda wa 256 kugawanya kwa 48,000, yaani sehemu 5.3 za elfu za sekunde, kulimaliza kabla fungu jingine halijafika. Ikichelewa hata mara moja, sauti hukatika. Haisaidii kitu kuwa mashine ni ya kasi kwa wastani, maana sikio halisikii wastani.

Fungu likiwa la vipimo 1,024, muda huwa sehemu 21 za elfu, na mashine hupumua. Lakini mpigaji anayejisikiliza kupitia kompyuta ataisikia sauti yake kwa kuchelewa. Kwa kuwa sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, ucheleweshaji huo, kwa fungu moja tu, ni sawa na kusimama mita 7 kutoka kwenye spika. Mzee wetu hakuwa akijisikiliza kupitia kompyuta. Alilisikia zeze lake mkononi. Ningeweza kutumia fungu kubwa bila hasara yoyote. Hilo nalo lilikuwa kosa langu.

Kiini nacho hakina budi kujua kwamba kazi ya sauti haingoji. Mabadiliko ya kukiwezesha kutimiza kazi kwa wakati halisi yalishughulikiwa kando kwa takriban miaka ishirini, hata yakaingizwa katika kiini rasmi, toleo la 6.12, mwaka 2024. Ubuntu Studio, mkusanyo wa wasanii uliotolewa kwanza mwaka 2007, kwa miaka mingi ulikuja na kiini kilichorekebishwa kupunguza ucheleweshaji.

Picha hazina haraka hiyo, ila zina njaa ya kumbukumbu. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, kila pikseli ikichukua baiti 4, hutaka baiti milioni 48; ikiwa na matabaka kumi, milioni 480. Kwa kompyuta kuukuu ya shule, yafaa kuchagua sura nyepesi ya skrini, kama Xfce, ili kumbukumbu ibaki kwa picha.

Sasa kuchagua. Debian thabiti hutoka karibu kila miaka miwili, na katikati hupokea hasa marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa, kwa jumla ya miaka mitano. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka Aprili ya kila mwaka wa pili, nayo hutunzwa miaka mitano; yale ya Ubuntu Studio ni mitatu tu, jambo ambalo wengi hawalitambui. Fedora hutoka kila miezi sita na hutunzwa kama miezi 13. Arch hubadilika mfululizo.

Kwa shule, mimi ningechukua Debian thabiti au Ubuntu Studio ya muda mrefu. Gharama yake ipo: GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, na watumiaji wa Debian thabiti waliingoja hadi Agosti. Asiyeweza kungoja aweza kuileta programu hiyo moja kwa njia ya Flatpak, pasipo kuigusa misingi. Mwenye mashine mpya kabisa huenda akahitaji Fedora, kwani vifaa vipya hutaka kiini kipya.

Kabla ya kuweka chochote, washa kompyuta kwa flashi yenye mkusanyo huo, uone kama kadi ya sauti na kibao cha kuchorea vinatambuliwa. Ukishauweka, rekodi saa nzima ya chochote, hata redio. Ardour huonyesha idadi ya mara ambazo mashine imechelewa. Ikiwa si sifuri, ongeza ukubwa wa fungu, urudie. Ikiwa ni sifuri, zima masasisho ya kujiendesha, na mashine isiguswe hadi mgeni awe amekwisha kupiga na nakala ya pili imewekwa kwenye diski nyingine.