Kidude cha Mfukoni na Hadithi za Bibi



Muhula huu watoto kadhaa wa darasa langu wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Mwalimu, nitasikiliza Kiswahili wapi, na mimi sina simu?" Wana haki ya kuuliza. Nyumbani Mama anasema Kiswahili, mtoto anamjibu kwa Kiingereza. Jumamosi tunakutana kidogo, tunaagana, na siku sita zinazofuata sikio halipati kitu. Mimi huwajibu kwa kuwatolea mfukoni kitu ambacho wengi wao hudhani kilishakufa zamani: kicheza muziki kidogo, kile tunachokiita MP3. Kina ukubwa wa kiberiti. Hakina laini, hakina intaneti, hakina michezo. Mzazi anayeogopa kumpa simu mtoto wa miaka minane hana sababu ya kukiogopa hiki.

Nitakiita kidude, na msidhani nakidharau. Bi Kidude wa Unguja alibeba jina hilo hadi alipofariki mwaka 2013, na dunia nzima ilimsikiliza.

Kwanza mjue kinavyoweza kubeba mambo mengi namna hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika kama tatu tu, na wimbo wa taarab ukiachiwa uende wenyewe hauishi kwa dakika tatu. Baadaye zikaja kaseti, na mwaka 1979 Sony ya Japani ikatoa Walkman, mtu akaweza kutembea na muziki wake. iPod ya kwanza, mwaka 2001, ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 5, na Apple wakajisifu kwamba zinaenea nyimbo 1,000. Waliacha kuzitengeneza mwaka 2022, lakini vidude vya makampuni mengine bado vinauzwa, na vingi vina gigabaiti 8 au zaidi.

Siri yenyewe ni hii. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, kwa nukta ile sikio halisikii uzi mwembamba wa udi ulio nyuma yake. Wahandisi waliobuni MP3, wengi wao Wajerumani, waliona hakuna haja ya kuhifadhi kitu kisichosikika, wakakitoa. Ndiyo maana faili ya kawaida ya MP3 inakuwa kama sehemu moja ya kumi na moja ya ile iliyo kwenye CD, karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Sauti ya mtu anayezungumza peke yake haihitaji hata hiyo. Nusu yake inatosha. Kwa hesabu hiyo, gigabaiti 8 zinachukua zaidi ya saa 250 za Bibi akizungumza. Na Bibi ana mengi ya kusema, lakini hata yeye atachoka.

Sasa tuje kwenye kuishi nacho, maana hapo ndipo wengi hushindwa wiki ya kwanza.

Bibi akiwatumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, mkauhamishia kwenye kidude, mara nyingi hakitausoma. Si kwamba kimeharibika. WhatsApp huhifadhi sauti kwa aina nyingine ya faili, ambayo jina lake huishia na opus, na vidude vingi vya bei nafuu havijui kuifungua. Igeuzeni kwanza iwe MP3 kwenye kompyuta. Programu ya VLC ni ya bure na inaifanya kazi hiyo. Rekodi za simu za iPhone nazo huishia na m4a. Vidude vingine huzikubali, vingine huzikataa.

Halafu majina. Kidude hakijui kuhesabu kama nyinyi. Mkiziita hadithi 1, 2, 3 mpaka 10, vingi vitapiga ya 1, kisha ya 10, ndipo virudi kwenye ya 2, na mtoto atasikia sungura ameshatoroka kabla hajakamatwa. Andikeni 01, 02, 03. Taarab wekeni folda yake, hadithi folda yake, Kurani au nyimbo za kanisani folda yake. Kwenye kioo kidogo chenye vitufe vitano, mtoto akipotea hatafuti, anazima. Na mkimaliza kuhamisha, iambieni kompyuta iachane na kidude kwanza ndipo mchomoe waya. Kompyuta inaweza kuonyesha imemaliza huku bado inaandika, na faili inabaki nusu.

Betri haina makuu. Kwa kuwa hakuna kioo kikubwa wala mtandao, chaji moja humaliza safari nyingi za basi. Kinachoiua ni joto, na kuachwa tupu. Msikilaze juu ya radieta wakati wa baridi (najua mnavyokaushia soksi huko), wala kwenye dirisha la gari wakati wa kiangazi. Mkienda likizo bila ya kukichukua, kiacheni na chaji kama nusu, kwa sababu betri ikikaa tupu miezi mingi inaweza kugoma kabisa.

La masikio ni zito zaidi, na hapa nawageukia watoto. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Sauti kubwa ikivichosha sana hufa, na vikifa havioti tena, si kama jino la utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kidude hakina kipimo cha desibeli, kwa hiyo kanuni ya nyumbani kwangu ni kutopita asilimia 60 ya sauti. Mtihani ni basi: injini inanguruma, abiria wanaongea, na kidole kinakwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuongeza. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri hukuwezesha kusikia bila kuongeza. Lakini ukivuka barabara, zitoe. Gari halipigi hodi.

Lililonifanya niandike yote haya ni jingine. Marehemu mama yangu alitutembelea kutoka Tanga majira fulani ya baridi. Hakuipenda baridi hata kidogo, akawa anashinda jikoni karibu na jiko, na jioni anawasimulia wanangu hadithi. Kidude chetu kilikuwa na kinasa sauti, nikakiweka mezani kati ya vikombe. Tulipata hadithi kumi na moja. Mnasikia kijiko kikigonga kikombe, mnasikia "Paukwa!" yake na wanangu wakiitikia "Pakawa!" kwa lafudhi ya huku, naye akicheka. Kwa miezi mwanangu mdogo hakulala bila hizo. Maneno kama "kibuyu" na "mbeleko" aliyapata humo, si kwangu.

Sikuzihamishia popote. Nilisema nitafanya wikiendi. Wikiendi zikapita nyingi, mpaka siku moja suruali ya shule ikaingia kwenye mashine ya kufulia na kidude kikiwa mfukoni. Nilikizika kwenye mchele siku tatu, kama watu wasemavyo, na mchele haukusaidia kitu. Fundi alikifungua akanirudishia kwenye mfuko wa plastiki. Mama alikuwa amesharudi Tanga, na mwaka uliofuata tukamzika. Hadithi nne tunazo, kwa sababu dada yangu aliye Muscat alikuwa ameniomba nimtumie, nikamtumia hizo nne tu. Saba hatunazo. Moja ilikuwa ya mwanamke na chaza. Nakumbuka inavyoanza, siikumbuki inavyokwisha, na hakuna ninayemjua wa kumuuliza.

Kwa hiyo kidude ni cha kusikilizia, si ghala. Rekodi moja iwe kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi iliyo kabatini, ya tatu kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine, na ikiwezekana nchi nyingine. Baba yangu alipokuwa akifanya kazi Oman miaka ya themanini alitutumia barua za kaseti, na zilizobaki mpaka leo ni zile ambazo shangazi alizinakili kwa redio yake ya kaseti mbili. Sisi tulimcheka kwa kupoteza muda.

Kabla ya kukipeleka kidude shule ya kila siku, ulizeni kanuni zao. Baadhi hukichukulia sawa na simu. Kwetu Jumamosi kinaruhusiwa, ila si wakati wa somo.

Jumamosi ijayo nitakuwa chumba cha chini na kompyuta yangu, kuanzia watoto wanapoingia darasani mpaka wakati wa chai. Njooni na vidude vyenu na waya wake, maana kila kimoja kina tundu lake na wangu hautoshi kwa vyote. Mwenye ujumbe wa sauti wa Bibi au Babu kwenye simu aje nao, hata kama ni wa kuulizia tu kama mmeshakula. Tutaugeuza, tutaupa jina, na hutaondoka mpaka uwe na nakala ya pili.