Fizi Zirudipo Nyuma: Ni Upasuaji Upi Ufaao?

Ndugu zetu, wake kwa waume, wengi waonapo jino limekuwa refu hudhani kwamba limekua. Sivyo. Jino li pale pale. Ufizi ndio uliorudi nyuma, na mzizi uliositiriwa umebaki wazi. Hapa Igowole baridi ya Julai yatosha kumjulisha mtu habari hiyo: akisukutua alfajiri kwa udhu, maji humchoma jino kama sindano.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ukoga uachwao mpaka ukawa ugaga mgumu, fizi zikavimba, na mfupa ushikao jino ukaliwa. Ya pili ni kusugua kwa nguvu. Hata siwaki, nayo ni sunna iliyokokotezwa, ikiendeshwa kwa nguvu huku na huku huuumiza ufizi. Basi apasuliwaye kabla ya kuondoa sababu ni kama aezekaye nyumba na mchwa wangali katika nguzo zake.

Ufizi uliokwisha kurudi haurejei wenyewe. Waganga wa meno hutumia njia kadha wa kadha, na yafaa tuzipime.

Njia ya kwanza ni kusogeza ufizi wa jirani. Grupe na Warren wa Marekani waliieleza mwaka 1956: kipande cha ufizi wa jino la pili huvutwa upande kikafunika mzizi, nacho hakikatwi kikaachana na mahali pake, hivyo damu yake haikatiki. Pengine huvutwa ufizi wa jino lile lile. Kaakaa haliguswi, lakini ufizi uliopo ukiwa mwembamba, njia hii ni dhaifu.

Ya pili, iliyoenea tangu miaka ya 1960, ni kukata kipande cha kaakaa pamoja na ngozi yake na kukishona penye upungufu. Ufizi huwa mnene na imara. Lakini kaakaa hubaki na kidonda kwa majuma kadhaa, na rangi ya kiraka mara nyingi hailingani na ufizi.

Ya tatu waliieleza Langer na Langer mwaka 1985. Hutolewa nyama iliyo chini ya ngozi ya kaakaa, ngozi ikarudishwa na kushonwa. Nyama ile huwekwa juu ya mzizi na kufunikwa kwa ufizi. Hupata damu juu na chini, na rangi hulingana. Hata leo ndiyo mizani ambayo waganga hupimia tiba nyingine.

Ya nne ni ya John Chao wa California, aliyeitangaza mwaka 2012: kwa tundu dogo ufizi hulegezwa na kusogezwa bila kushona. Ni nyepesi kwa mgonjwa, illa ushahidi wake wa miaka mingi haujafikia ule wa njia ya tatu.

Sasa liko jambo limpasalo Mwislamu kulijua. Badala ya nyama ya kaakaa, pengine hutumiwa kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe, au dawa itokanayo na meno machanga ya nguruwe. Wako maulamaa wasemao kwamba kitu kikibadilika asili yake hukumu nayo hubadilika. Wengine hawaruhusu ila kwa dharura. Basi muulize daktari, kabla ya sindano ya ganzi, kitu hicho kimetoka kwa mnyama gani, kisha umuulize sheikh wako. Na kudai dharura ni vigumu iwapo tiba iliyothibitika zaidi imo katika kaakaa la mgonjwa mwenyewe.

Tena mtu asitumaini kupita kiasi. Miller alibainisha mwaka 1985 kwamba mfupa ulio kati ya meno ukiisha kupotea, mzizi hauwezi kufunikwa wote. Na asiye na maumivu, wala ufizi wake hauzidi kurudi, pengine hahitaji kisu kabisa. Mvuta tumbaku naye ajue kuwa kidonda chake hupona kwa shida.

Atokaye Igowole huifikia barabara kuu pale Nyololo, akaenda Mbeya au Iringa. Kabla ya kutafuta bingwa wa upasuaji, na aanze kwa kusafishwa ugaga na mganga wa meno aliye karibu. Kisha aulize mambo matatu: Je, sababu imekwisha? Mfupa ungalipo? Na nyama ya kiraka yatoka wapi? Akiyapata majibu hayo, atachagua kwa ujuzi, inshaallah.